Chupa Ndani ya Gunia la Maharagi

Aliyekosa gazeti la juma lililopita asihangaike. Nilieleza jinsi mwanangu Zorobabel alivyoshikwa na tumbo, jinsi typhoïde ilivyomtoboa utumbo, na jinsi madaktari hapa Butembo walivyompasua wakamlaza katika chumba cha réanimation, pale wanapolazwa wagonjwa ambao hawaachwi bila macho ya mtu.

Nilieleza pia neno moja nililomjibu daktari mlangoni. Aliniuliza kama mwanangu anakunywa pombe. Pasta Éliakim alikuwa amesimama kando yangu, amenishikia mfuko wa nguo ili nisichoke. Nikasema hapana.

Hilo hapana ndilo ninaloendelea nalo leo.

Sikusema kwa kutojua. Chupa ilikuwa kwangu.

Zorobabel ni kiongozi wa chorale, yaani kwaya, katika kanisa letu la Mususa. Kwetu, mkristo anayekunywa anawekwa chini ya nidhamu. Haimbi, haombi mbele ya watu, hapokei Meza ya Bwana. Anaketi kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, na kila anayeingia anamwona, mpaka siku wazee watakapomrudisha. Wengine hawarudi. Wanahamia kanisa lingine, au wanabaki nyumbani.

Kwa hiyo mwanangu hakunywa baa. Hakunywa kwake pia, kwa sababu Élise, bibi yake wa ndoa, ananusa hata moshi wa jirani. Alikunywa kwangu. Asubuhi kabla ya kufungua depo yake ya mbao, na jioni akishaifunga, alipita kumsalimia mama. Alifungua gunia la maharagi, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa chupa ya lotoko, ile pombe kali ya kienyeji. Alikunywa amesimama, haraka, amekunja uso kama mtoto anayenyweshwa dawa ya minyoo. Halafu aliirudisha chini, akasawazisha maharagi juu yake, akatafuna tangawizi.

Majirani walinionea wivu.

“Mama Zoro, uko na bahati. Wa kwangu, hata kwa Noeli hafikake.”

“Ni Mungu,” nilijibu.

Niliona afadhali anywe mbele yangu kuliko aokotwe mtaroni. Ndivyo nilivyojiambia.

Basi, siku ya kwanza baada ya kupasuliwa alikuwa mtulivu. Aliniuliza kama nimekula. Iliyofuata, mikono ilianza kutetemeka na jasho likalowanisha shuka, nao madaktari wakasema ni homa ya tumbo. Kisha asubuhi moja Adèle, infirmière aliyekuwa akiuguza zamu ile, akatoka akanishika mkono. Yule binti ana tabia ya kushika mtu mkono kabla ya kumwambia neno baya. Nilimpenda kwa hilo, na kwa kuniita koko, yaani nyanya.

“Koko, kuya kidogo. Iko anaita batu ba chorale.”

Nikaingia. Mwanangu alikuwa na mpira wa sonde puani, maji ya sérum mkononi, na ule mkono mwingine aliuinua hewani.

“Soprano, munachelewa,” alisema. “Nilisema mungojee mukono yangu. Na weye wa alto, unalala?”

“Zoro, ni mimi mama.”

“Mama, toka pale. Siafu banakupanda ku miguu.”

Nikatazama miguu yangu. Hapakuwa na kitu. Hata hivyo niliisogeza, ili atulie.

“Basi. Beko banaenda,” akasema. Alinitazama kama mtu aliyenitendea wema.

Élise aliingia nyuma yangu. Zorobabel alimgeukia, na sauti yake ikabadilika.

“Bénite atoke kule. Leo. Beko banakuya. Beko ku muto, beko na mapanga. Umwambie aache kakao.”

Bénite ni binti yao wa kwanza. Ameolewa upande wa Mangina, wana shamba la kakao na watoto wadogo. Upande ule waasi huvamia vijiji usiku, na watu wanalala sikio moja likiwa macho.

Élise alimfunika shuka. Alitoka polepole, akaenda mpaka kwenye majani chini ya dirisha, pale mama wa maombi wa kanisa letu walipokuwa wameketi juu ya vitenge vyao, akawaambia. Jua halijapanda sana, neno lilikuwa limefika katika simu zote za Mususa. Bénite naye lilimfika. Hakuuliza maswali. Alifunga watoto kwa pikipiki wakaenda Beni mjini, kwa ndugu za bwana yake.

Kuanzia hapo watu walikuja dirishani si kwa kumwona mgonjwa. Walikuja kusikiliza.

Docteur Lusenge alituita. Ni kijana, anavaa sapatu za plastiki zilizoshonwa kwa uzi. Badala ya kusimama akasemea juu ya vichwa vyetu, aliketi nasi kwenye benchi, akabanana kati yangu na Pasta.

“Musikie muzuri,” alisema. “Mugonjwa wa réa anaweza kuchanganyikiwa juu ya mambo mingi. Infection, homa, maumivu, kukosa usingizi. Ile jina yake ni délirium. Inapitaka, tukitunza ile yenye kuileta. Mais iko ingine, ya mutu mwenye kuzoea pombe kila siku, halafu pombe inakatika gafula. Ile ni mubaya sana. Mutu anaweza kupigwa na kifafa. Moyo inaweza kusimama.”

“Dawa yake si moja?” Pasta aliuliza.

“Hapana, Pasta. Kama ni pombe, namupa sindano ya kumutuliza, nyingi, na vitamini. Kama si pombe, ile sindano mingi inaweza kumuzidishia mavurugo ya kichwa, ao kumufungia pumuzi. Na tumbo yake vile iko, sitaki kubahatisha. Njo maana nauliza tena. Zorobabel anakunywaka?”

Élise alicheka kidogo. Hakuwa na furaha ndani yake.

“Docteur, bwana yangu hata kasiksi, pombe ya ndizi ya ndoa, hagusake. Ile si kichaa. Iko anaona. Munataka mumulaze wakati Mungu iko anasema naye?”

“Mama, sisemi Mungu hasemi. Nasema mikono inatetemeka.”

“Ilitetemeka hata kwa mufungo,” alisema mama mmoja wa maombi aliyekuwa amesimama nyuma. “Batu bote baliona. Roho ilishuka.”

Wote walitikisa kichwa kukubali. Pasta pia.

Daktari alitutazama mmoja mmoja. Kwangu macho yake yalikaa zaidi. Nilikuwa nimeshika kifuniko cha termosi. Nilikizungusha upande huu, nikakizungusha upande ule.

“Mukikumbuka kitu, niko pale,” alisema.

Akaenda. Sikukumbuka kitu.

Nieleze habari ya ule mfungo, maana hapo ndipo kosa letu sote lilipoota mizizi. Kila mwaka unapoanza, kanisa letu linafunga mfungo mkavu, bila chakula wala maji, na watu wanalala palepale kanisani ili wasijaribiwe. Mwaka ule Zorobabel alifunga pamoja na wengine. Mbele ya watu wote alianza kutetemeka. Jasho lilimtoka, alisema anaona wadudu wa moto ukutani. Watu walianguka magoti. Walisema Roho amemshukia, hawajaona jambo la namna ile tangu wazee wa zamani. Mfungo ulipokwisha, walimpa chorale.

Alitoka kanisani akaja kwangu moja kwa moja. Alizamisha mkono katika gunia kabla ya kunisalimia. Alipokwisha kunywa, aliketi chini kwenye saruji.

“Mama, ile haikuwa Roho. Ni ile kitu ilikuwa inaniita.”

“Uwaambie.”

“Nitawaambia nini? Balilia machozi, Mama. Pasta alilia. Usiseme.”

Sikusema. Tangu hapo ilimbidi anywe kila siku, ili asitetemeke mbele ya chorale waliyompa kwa sababu ya kutetemeka.

Adhuhuri ile Gracieuse alikuja kunitazama. Ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anashona nguo, ni mjane. Wakati wa Ebola bwana yake alikufa, na watu wa mtaa walikata njia nyingine ili wasipite mbele ya mlango wake. Zorobabel ndiye alikuja akasimama barabarani, mbali kama walivyoagiza watu wa afya, peke yake bila chorale, akaimba nyimbo zote za maziko mpaka mwisho. Gracieuse aliketi kizingitini akisikiliza. Tangu siku ile ananiita koko, na hajawahi kuchota maji bila kuniletea bidoni moja.

“Koko, nipe ufunguo,” alisema. “Nitafagia, nitaangalia kuku. Na hawa batu bote ba kanisa, banakula nini?”

“Hawajalalamika.”

“Hawawezi kulalamika, beko kwa maombi. Mais tumbo haiombake.”

Nilimpa ufunguo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunifanya nitabasamu pale. Mdomo ulifanya, ndani hapakuwa na kitu. Nilikuwa kama mguu uliolaliwa ukafa ganzi.

Zorobabel alipigwa na kifafa jua likiwa bado juu.

Nilikuwa namfuta shingo. Alisema, “Tenor peke yao,” halafu macho yakageuka na mwili wote ukawa kama ubao. Kitanda kilianza kugonga ukuta. Adèle alirukia kichwa chake, akaweka kiganja chake mwenyewe kati ya kichwa na chuma. Chuma kiligonga mkono wake tena na tena. Hakuutoa.

“Koko, ita Docteur. Kimbia.”

Mimi si mtu wa kukimbia tena. Nilitembea tu. Daktari alikuwa mwisho wa koridoo na Pasta alikuwa naye. Nilifika, nikamshika daktari koti.

“Anakunywa,” nikasema.

“Nani?” aliuliza Pasta.

“Zorobabel. Lotoko. Asubuhi na jioni, kila siku. Chupa iko kwangu, ndani ya gunia la maharagi. Sasa amepigwa na kifafa.”

Daktari hakunigombeza. Tayari alikuwa anatembea, nami nikimfuata.

“Ya mwisho ilikuwa lini, Mama?”

“Asubuhi ile mlimpokea.”

“Wasingya, Mama,” alisema. Alinishukuru kwa Kinande, kama mtoto wa nyumbani, akakimbia.

Pasta alibaki. Aliketi kwenye benchi, akavua miwani, akaifuta, hakuivaa.

“Tangu wakati gani?”

“Tangu mdogo wake alipouawa barabarani. Wewe ulimzika.”

“Nilimuzika,” alisema. “Donc ile ya mufungo…”

“Haikuwa Roho, Pasta. Alitaka kukwambia. Mimi na yeye tuliogopa machozi yako.”

“Na miye nilimupa chorale.”

“Ulimpa kwa moyo mzuri.”

“Batoto ba kanisa banaiga ule mutetemeko, Mama. Banauomba.”

Aliinuka. Nilidhani ataenda zake. Lakini aliinama akaokota mfuko wangu wa nguo pale chini, akaushika tena kama siku ya kwanza. Hilo nalitunza moyoni mpaka leo, hata baada ya yaliyofuata.

Élise alipoambiwa hakupiga kelele.

“Mama, unamuuzisha mutoto wako,” alisema.

“Nataka aishi.”

“Unataka aishi na haya usoni. Hata kama ni kweli, ungeniambia miye kwanza. Miye njo bibi yake. Mais si kweli. Ningenusa.”

Alijifunga kitenge akaondoka, na mama wa maombi wakakunja vitenge vyao wakamfuata. Chini ya dirisha palibaki majani yaliyolala.

Sindano zilifanya kazi. Jasho lilikauka. Alilala usingizi wa mtu, si ule wa kupigana. Adèle, mkono wake umevimba, aliniletea kiti chenye mgongo na uji wa moto.

“Anaweza kuamka na akili yake?” nilimuuliza daktari.

“Anaweza. Mais sindano hatukatake gafula, Mama. Tunashuka pole pole, kidogo kidogo. Tukikata leo, inarudi na nguvu kupita ya kwanza. Na moyo yake imechoka.”

Nilielewa. Nami nililala kidogo nikiwa nimeketi.

Sasa msikie jinsi mambo yalivyogeuka.

Asubuhi yake, wakati wa zamu kubadilishana, nilisikia wimbo. Ulitoka getini, wa sauti za chini. Élise alikuwa mbele, mama wa maombi nyuma yake, na walikuwa wengi kuliko jana. Pasta alikuwa kati yao. Uso wake haukuwa na damu.

Élise aliniwekea simu sikioni, halafu akabadili akaifungulia sauti, wote wasikie. Ilikuwa Bénite, kutoka Beni.

“Koko, balifika. Njo usiku huu. Balichoma nyumba zote za upande wa muto. Yetu pia. Ule mama jirani yangu, mwenye alinishikiaka mutoto nikienda kwa kakao, hapana tena. Na bwana yake, hapana. Koko, kama papa hakusema, tungekuwa mule.”

“Watoto?” niliuliza.

“Beko hapa. Banakunywa chai. Papa alituokoa, koko. Umwambie.”

Nilisema nitamwambia. Nilifurahi, lakini furaha yenyewe haikufika mahali. Nilimwona akilini yule mama jirani. Niliwahi kumtembelea Bénite, na mama yule alinipa ndizi za kubeba njiani, akakataa nizibebe mwenyewe mpaka barabarani.

Élise alifunga simu.

“Umesikia, Mama?”

“Nimesikia.”

“Mulevi anaonaka mambo kama ile?”

“Élise, sisi wote wenye watoto upande ule tunaota mapanga. Mimi naota kila juma, na sinywi.”

“Mais weye hukusema ku muto. Hukusema leo. Yeye alisema.”

Wanawake waliitikia kwa sauti ya kooni. Docteur Lusenge alikuwa ametoka, Adèle nyuma yake na sinia ya sindano ya asubuhi. Élise alimzuia mlangoni kwa mkono wazi, bila kumsukuma.

“Docteur, hapana tena. Aamuke. Beko batu balibakia kule. Vijiji vingine viko. Kama Mungu iko na neno ingine, tulisikie, batu batoke mbele ya usiku. Munamulaza, na kule banakufa.”

Nawaambia ukweli, wasomaji wangu, sikumwona kuwa mjinga. Alikuwa analilia watoto wa watu.

“Nikikata leo, anaweza kufa leo,” alisema daktari.

“Vile unasema juu ya neno ya Mama. Mama mwenye alikuambia hapana, halafu akakuambia ndiyo. Utaamini ya gani?”

Daktari aliniangalia. Nilijua ananiamini. Lakini mwenye mgonjwa ni bibi yake, na nyuma ya bibi yake kulikuwa na kanisa zima, na koridoo ilikuwa nyembamba.

“Pasta,” nikasema, “wewe ulisikia yote.”

Pasta aligeuza miwani mkononi.

“Nilisikia, Mama. Na nilikuamini. Jana jioni nilipita kwako, nione ile chupa na macho yangu, nipate kusimama mbele ya wazee. Nyumba ilikuwa imefungwa. Niliangalia kwa dirisha. Gunia ilikuwa tupu, imekunjwa juu ya meza. Chupa hapana.”

“Gunia tupu?”

“Tupu, Mama. Na asubuhi hii Bénite anapiga simu. Unataka niamini nini?”

Élise alisogea karibu nami. Sauti yake ilishuka, ikawa karibu ya upole.

“Mama, sikuchukii. Ulishikwa na woga. Mais kama iko mutu mumoja, mumoja tu, mwenye aliona ile chupa, aseme, na miye nitanyamaza. Nitatoka hapa mulangoni, bamupige sindano.”

“Umesema mbele yetu wote?” aliuliza daktari.

“Nimesema.”

Nilitafuta kichwani. Nani aliona? Hakuna. Tulificha vizuri, mimi na mwanangu. Tulijivunia kuficha.

Ndipo harufu ikanifikia kabla ya mtu. Maharagi, na kitunguu, na mafuta ya mawese. Gracieuse alikuwa anapanda ngazi na sufuria kubwa kichwani, imefungwa kwa kitenge, jasho likimtiririka. Alitua, akafungua kifuniko, akaanza kutafuta sahani.

Nilitazama ndani. Yalikuwa maharagi yangu, yale ya Lubero yenye madoadoa mekundu. Gunia zima.

Moyo wangu, uliokuwa umelala siku zote zile, ulipiga mara moja.

“Gracieuse, mwanangu. Ni wewe uliyefungua gunia langu?”

“Ni miye, koko. Unisamehe. Nilisema, batu beko bengi, nitapika yote, nitakununulia ingine.”

“Hakuna kosa. Umefanya vizuri sana. Sasa uniambie, na usiogope mtu. Chini ya maharagi ulikuta nini?”

Gracieuse alinyoosha mgongo. Alimwona Pasta, amesimama na miwani mkononi. Aliwaona mama wa maombi, na Élise mlangoni. Kisha akatazama kwenye kioo, pale Zorobabel alipolala mdomo wazi, yule aliyesimama peke yake barabarani akamwimbia.

Alichukua ncha ya kitenge akaanza kupangusa kifuniko cha sufuria. Kilikuwa safi.

Nilimwona anajua. Nilimwona kama ninavyojiona mimi, nimesimama kwenye mlango uleule na Pasta kando yangu.

“Gracieuse,” nikasema. “Mwanangu.”

“Maharagi, koko,” alijibu, na macho yake yalijaa machozi ya kunihurumia. “Nilikuta maharagi tu.”

Adèle alitazama daktari. Daktari aliinamisha kichwa. Adèle akairudisha sindano kwenye sinia, kwa mkono wake uliovimba.

Nyuma ya kioo, kidole kimoja cha mwanangu kilianza kugonga juu ya shuka, pole pole, kama mtu anayengojea chorale isimame.